Namba za magari ya kale zisiachiwe vichochoro

MJADALA wa namba za magari umechukua nafasi kubwa katika nchi zetu tangu Kenya ilipozindua namba zake za kizazi kipya Agosti 2022, na Uganda ikaanza kufunga namba za kidijitali mwishoni mwa mwaka 2023. Wengi wamelalamikia gharama. Wengine wana wasiwasi kwamba serikali itajua kila wanakokwenda. Sijasikia wengi wakiuliza habari ya magari ya zamani, na ndiyo maana leo naomba niulize mimi.

Wapo kati yetu watu wenye magari ya miaka ya 1950, 1960 na 1970. Nazungumzia Peugeot 404, Volkswagen za mgongo wa kobe, Morris Minor na Land Rover zile ambazo mlango ukiufunga kijiji kizima kinasikia. Baadhi ya magari haya yalivuka mipaka pamoja na wenyewe walipokimbia, yakarudi nao waliporejea. Sasa watoto na wajukuu wanayafufua. Wanatafuta taa za aina ile ile, viti vya aina ile ile, na mwisho wanafika kwenye kibao cha namba. Wanataka kile cha wakati ule, cheusi, chenye herufi za rangi ya fedha zilizoinuka.

Je, waruhusiwe? Na wakiruhusiwa, kibao hicho kitengenezwe na nani, na kiandikwe namba ipi?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msomaji asinisubiri. Sura ya zamani ya kibao iruhusiwe. Namba iliyokwisha kufutwa isiruhusiwe barabarani. Na kazi ya kutengeneza vibao hivyo itoke vichochoroni, iwekwe kwa mtu anayeweza kuitwa na kuulizwa.

Kwa vijana ambao hawakuziona namba zile, nieleze kidogo. Tulirithi mtindo wa Waingereza. Kwa muda mrefu zilikuwa herufi tatu zikifuatwa na tarakimu. Herufi ya kwanza ilitaja nchi: K kwa Kenya, U kwa Uganda, T kwa Tanganyika na baadaye Tanzania. Ukisimama kando ya barabara ulijua gari linatoka wapi kabla hujamwona dereva. Kenya ilifika mwisho wa mtindo huo mwaka 1989, ikaanza kuongeza herufi ya nyuma, KAA 001A na kuendelea. Magari ya zamani yakaachiwa namba zake, ndiyo maana hadi leo Nairobi unaweza kukutana na gari kuukuu lenye herufi tatu na tarakimu tatu, basi.

Gari lililovuka mpaka lilikuwa pia na kibandiko cheupe cha umbo la yai, chenye herufi nyeusi. Kenya ilikuwa EAK, Uganda EAU, Tanganyika EAT na Zanzibar EAZ. Hizo herufi mbili za mwanzo ni Afrika Mashariki kwa Kiingereza. Mwaka 1977 Jumuiya yetu ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa kwa miaka kadhaa, ndugu wakatenganishwa. Lakini katika orodha ya kimataifa ya alama za magari, EA haikufutwa. Wanasiasa waligombana, vibandiko vikabaki vinasema sisi ni watu wa nyumba moja.

Magari hayo yalikuwa na heshima yake. Mashindano ya kwanza ya Safari, mwaka 1953, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva wa Tanzania, akiendesha Peugeot 404. Baada ya hapo kila mwenye duka na kila mnunuzi wa kahawa mwenye uwezo alitaka 404. Zile ndefu za kubeba abiria zikawa teksi za kwenda mikoani, na wengi wetu tulipanda tukiwa tumebanwa kama dagaa.

Kutengeneza kibao cha zama zile si uchawi. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kubana bati la alumini kwenye mashine yenye kalibu za herufi, hadi herufi ziinuke. Bati likapakwa rangi nyeusi, kisha vichwa vya herufi vikasuguliwa mpaka ving'ae. Ya pili ni herufi zilizosubuliwa moja moja, zikapigwa ribiti juu ya bati jeusi. Ya tatu ni ya mchora mabango, yaani rangi nyeupe, brashi na mkono usiotetemeka. Vibao vya leo vya kuakisi mwanga vilikuja baadaye. Uingereza yenyewe ilivilazimisha kwa magari mapya mwaka 1973.

Mimi ni mmoja wa wenye haja ya kibao cha namna hiyo. Baba alivuka Mutukula mwaka 1973 akiwa na mke, watoto wanne na Peugeot 404. Tulipofika Bukoba gari lilisajiliwa upya, likapewa namba ya Tanzania. Vibao vya Uganda baba alivifungua, akavizungushia gunia la kahawa, akaviweka darini. Tuliporudi nyumbani mwaka 1980 kilikuwa kimesalia kimoja. Kingine kiliishia kuziba tundu la banda la kuku, maana aliyekichukua aliona bati tu. Gari likasajiliwa tena Uganda, likapata namba ya tatu. Kwa hiyo gari moja lina majina matatu, kama sisi wakimbizi tulivyokuwa na majina mawili au matatu kutegemea nani anauliza.

Baba ametangulia mbele ya haki. Gari tumelifufua. Mdogo wangu akaniambia, "Kaka, sasa lirudishiwe jina lake la kwanza." Nikamwelewa kabisa. Kwa mtu aliyerejea kutoka uhamishoni, namba ile ni ushahidi kwamba kabla ya kuitwa mkimbizi alikuwa mtu mwenye nyumba, shamba na gari lililoandikwa kwa jina lake katika daftari la serikali.

Nikaenda kwa fundi bati mmoja. Simtaji yeye wala mtaa wake. Nikamwonyesha kibao kilichosalia, nikamwuliza kama anaweza kukitengenezea pacha. Akakigeuza, akakigonga kwa ukucha, akasema, "Mzee, njoo kesho jioni." Bei aliyotaja haikufika hata ya kilo mbili za nyama. Nikamwuliza kama hataki kuona kadi ya gari. Akacheka sana. "Kadi ya nini, mzee? Mimi nauza bati, siuzi gari."

Nilimshukuru nikaondoka na kibao changu. Fundi yule si mtu mbaya, na kazi yake niliyoiona ukutani ilikuwa safi kuliko ya wengi. Lakini kama anaweza kunitengenezea mimi namba yoyote bila kuuliza, anaweza kumtengenezea na mwingine. Huyo mwingine hatakuja na kumbukumbu za baba yake. Atakuja na gari la wizi.

Hapa ndipo wafanyabiashara wa mpakani wanapoingia. Wengine watasema habari ya magari ya kale haiwahusu wao, wao wana mahindi na vitenge vya kushughulikia. Inawahusu sana. Namjua mama mmoja anayenunua nyanya upande mmoja wa mpaka na kuziuza upande wa pili. Siku moja alikodi pikapu ile ile aliyoizoea. Wakasimamishwa, kwa sababu namba ya pikapu hiyo ilikuwa imebandikwa pia kwenye gari jingine lililokuwa linatafutwa. Dereva hakuwa na kosa, mama naye hakuwa na kosa. Walikaa siku mbili hadi ilipothibitika lipi ni gari la kweli na lipi ni la bandia. Nyanya hazisubiri uchunguzi. Aliporuhusiwa kuondoka alikuwa na matope mekundu kwenye makreti, na deni la watu.

Kila karatasi ya mpakani inaning'inia kwenye namba ya gari. Kadi ya gari inaitaja. Kibali cha muda cha forodha kinaitaja. Bima ya Kadi ya Njano ya COMESA inaitaja. Pale Mutukula, ambako kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Novemba 2017, maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja na msafiri anasimama mara moja badala ya mbili. Sisi tuliozoea foleni za zamani tunajua hiyo ni neema kubwa. Lakini neema hiyo imejengwa juu ya imani moja, kwamba namba iliyo kwenye bati ndiyo iliyo kwenye karatasi. Kila kibao cha bandia kinachotoka kichochoroni kinaipunguza imani hiyo, na anayelipa ni mwenye mzigo unaooza.

Upo pia upande wa usalama, na sitaki kuupuuza. Waliokuwapo Uganda enzi za Idi Amin wanajua kwamba namba ya gari inaweza kuwa kitisho. Magari ya State Research Bureau yalijulikana kwa namba zilizoanza na UVS. Watu walipoziona herufi hizo waliingia ndani wakafunga milango, na aliyepakiwa kwenye gari la namna hiyo mara nyingi hakurudi. Kijana wa leo akijitengenezea kibao cha UVS kwa sababu ameona kinapendeza kwenye picha za harusi, atamtonesha kidonda bibi mmoja aliyesimama kando ya barabara. Ndiyo maana sikubali kwamba kila mwenye gari kuukuu ajichagulie namba ya zamani apendavyo.

Na hofu hiyo si ya zamani peke yake. Mwaka 2018, baada ya mfululizo wa mauaji ya watu mashuhuri, Rais Museveni alilieleza Bunge kwamba magari na pikipiki zifungwe namba za kielektroniki. Juni 2021 wauaji waliokuwa kwenye pikipiki walimshambulia Jenerali Katumba Wamala jijini Kampala, wakamuua binti yake na dereva wake. Mtu hawezi kuwalaumu wakuu wa usalama kwa kutaka kujua kila namba ni ya nani. Ninachosema ni kwamba haja hiyo ya usalama na haja ya mwenye gari la kale zinaweza kukaa pamoja, kama kanuni itaandikwa vizuri.

Wenzetu wamefanya hivyo. Uingereza, iliyotuachia mtindo huu, inaruhusu kibao cheusi chenye herufi nyeupe au za fedha kwa gari lililotengenezwa kabla ya Januari 1, 1980, mradi liwe limesajiliwa katika daraja la magari ya kihistoria. Namba ni ile ile iliyo kwenye daftari. Kinachobadilika ni sura tu. Ufaransa nayo inaruhusu vibao vyeusi kwa magari yaliyosajiliwa kuwa ya kale, hata kama namba iliyoandikwa ni ya mfumo mpya wa mwaka 2009. Ujerumani tangu mwaka 1997 ina herufi H mwishoni mwa namba, kwa gari lililofikisha miaka 30 na kubaki katika hali yake ya asili. Polisi wa Ujerumani akiiona H anajua hili ni gari la kale lililokaguliwa.

Kule California, Marekani, jimbo lenyewe lilianza kutengeneza upya vibao vyeusi vya mtindo wa miaka ya 1960 baada ya wateja 7,500 kuagiza. Vibao vya jimbo hilo hutengenezwa na wafungwa katika gereza la Folsom. Msomaji wa Kenya atatabasamu hapa, kwa sababu namba za Kenya nazo zimetengenezwa na wafungwa kwa miaka mingi katika gereza la Kamiti. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba jambo hili linahitaji utaalamu wa mbali. Mashine, alumini na mikono inayojua kazi tunayo hapa hapa.

Kwa msingi huo napendekeza mambo manne.

La kwanza, kila nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iwe na daraja la gari la kale. Mimi ningesema miaka 40 na zaidi, gari likaguliwe breki, taa na chesisi, kisha liruhusiwe kuwa na kibao cheusi chenye herufi za fedha. Namba iwe ile iliyo kwenye kadi ya sasa, si nyingine. Kama nchi ina kifaa cha kidijitali, kifungwe ndani ya kioo au chini ya boneti. Kifaa hakijali rangi ya bati.

La pili, vibao hivyo vitengenezwe na karakana zenye leseni, kwa mteja aliyeonyesha kadi ya gari na kitambulisho. Kila kibao kigongwe nyuma namba ya karakana na tarehe. Na nasisitiza kwamba mafundi bati wa mitaani wasifukuzwe, wapewe leseni hizo. Yule fundi wangu akiwa na leseni ya kupoteza, ataomba kadi kabla hajaomba pesa. Akikamatwa na kufungwa, atakuja mwingine chini ya mti ule ule.

La tatu, kadi ya gari iwe na mstari wa namba za awali. Hili ndilo ninalowaombea hasa waliorejea. Waliokimbia Rwanda tangu mwaka 1959, Burundi mwaka 1972, Waasia waliopewa siku 90 kuondoka Uganda mwaka huo huo wa 1972, na sisi tuliofuata, wengi tulibadilishiwa namba za magari kila tulipovuka mpaka. Nyumba ina hati, shamba lina mipaka na majirani wa kushuhudia. Gari lina namba tu, na namba ikishafutwa bila kuandikwa popote, historia ya mali ile imekatika. Mstari mmoja kwenye kadi, wenye namba ya zamani na nchi iliyoitoa, unatosha kuiunganisha. Kibao chenyewe cha zamani mwenye gari akiweke ukutani, au akifunge gari likiwa limesimama kwenye maonyesho. Barabarani hapana.

La nne, nchi zetu zitambuane. Gari la kale la Uganda lenye kibao cheusi halali lisifike Namanga au Rusumo likageuka kituko, afande akilizunguka kama aliyeona mzuka. Waraka mmoja wenye picha, ukabandikwa katika kila kituo cha mpakani, unamaliza kazi. Tangu mwaka 2003 mashindano ya Safari ya magari ya kale yanapita katika barabara zetu, na wageni wanalipa fedha nyingi kuja kuendesha magari ya aina ile ile tuliyokuwa nayo sisi. Itakuwa ajabu mgeni apewe nafasi na mwenyeji asumbuliwe.

Najua nitaambiwa hii ni starehe ya wenye nazo, na kwamba nchi ina mambo makubwa zaidi. Nakubali kwamba dawa hospitalini ni muhimu kuliko rangi ya bati. Lakini sijaomba senti ya serikali. Mwenye gari alipie ukaguzi, alipie kibao, na leseni za mafundi ziingize mapato. Tena magari haya hayaongezeki. Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 imekataza kuingiza gari lililozidi miaka 15, na Kenya mpaka wake ni miaka minane. Sina ugomvi na makatazo hayo, maana tumechoka kuwa jalala la magari ya wengine. Maana yake lakini ni kwamba 404 iliyobaki leo ikienda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, nyingine haiji.

Wakati tunasubiri wakubwa wakae na kuandika kanuni, nina neno kwa kila upande. Wewe uliyerejea, panda darini kwako uangalie. Ukikuta kibao cha zamani kioshe kwa maji na sabuni tu, usikisugue kwa msasa, maana rangi ile ya asili haitarudi. Kipige picha pamoja na kadi zote ulizonazo, uandike ni cha gari gani na lilivuka mpaka gani mwaka gani, angali yupo wa kukumbuka. Usimwachie fundi asiyeuliza kadi. Na wewe mfanyabiashara wa mpakani, kabla hujapakia mzigo kwenye gari la kukodi, omba kadi uisome namba, kisha zunguka nyuma uisome kwenye bati. Dereva akikasirika, tafuta gari jingine.